Wayahudi wanatufundisha namna ya kukumbuka watu wetu



Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya ndoa na malezi. Vijana wa kwaya wametuletea swali, na baadhi yao walikuwa wametoka machimboni kupumzika, kwa hiyo waliuliza bila kuzunguka: "Pasta, tarehe 7 Aprili kuna watu wanalia. Tarehe 2 Agosti kuna wengine wanalia. Sisi wa hapa Kalengera tulie siku gani, na tumulilie nani?"

Swali hilo si la mzaha. Kwenye barabara yetu hii ya Rutshuru, ukimwuliza mtu amepoteza nani, mara nyingi atakujibu kwa mwaka kwanza, jina litafuata nyuma. Huyu atasema 1993. Yule 1994. Mwingine 1996, mwingine 2008, mwingine 2022. Kila nyumba iko na mwaka wake, na kila nyumba inadhani mwaka wa jirani haukuwa mubaya sana.

Nimeona tuanzie mbali kidogo, kwa watu waliofanya kazi hii ya kukumbuka kwa muda mrefu kuliko sisi, yaani Wayahudi. Kati ya miaka 1941 na 1945 Wajerumani wa Hitler na wasaidizi wao waliua Wayahudi karibu milioni 6 katika Ulaya. Neno lenyewe "jenosidi", ambalo sisi tunasema mauaji ya kimbari, lilitungwa na mwanasheria Myahudi wa Poland, Raphael Lemkin, aliyeliandika katika kitabu chake cha mwaka 1944. Ndugu zake wengi waliuawa katika mauaji hayo. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulikubali mkataba wa kuzuia na kuadhibu kosa hilo.

Sasa fungueni Biblia zenu, Isaya 56, mstari wa 5. Pale Mungu anasema na towashi, mtu asiye na mtoto, anayeogopa kwamba akifa jina lake limekwisha. Anaahidiwa fasi ndani ya nyumba ya Bwana, na jina linalopita hata kuwa na wana na mabinti. Kwa Kiebrania maneno mawili ya mstari ule ni "yad vashem", kumbukumbu na jina. Mwaka 1953 bunge la Israeli lilipitisha sheria ya kujenga nyumba ya ukumbusho kule Yerusalemu, wakaiita Yad Vashem. Walichagua mstari wa towashi kwa sababu jamaa nyingi ziliuawa zote, baba, mama, watoto, wajukuu, hakubaki hata mmoja wa kusema "huyu alikuwa wangu". Nani atalitaja jina lake?

Kazi wanayoifanya pale si ya ajabu, ni ya karatasi. Mtu yeyote anayekumbuka aliyeuawa anajaza ukurasa mmoja: jina, jina la baba, la mama, kijiji, kazi, mwaka wa kuzaliwa, fasi alipokufa kama inajulikana. Kama iko picha, anaibandika. Wamefanya hivyo miaka mingi, na majina waliyoyapata yamepita milioni 4 na nusu. Bado wanatafuta. Kumbukeni kwamba kule Auschwitz mfungwa aliyeingizwa kwenye vitabu vya kambi alichorwa namba katika mkono, na tangu siku ile aliitwa kwa namba.

Kuna pia siku yao ya taifa zima, tarehe 27 ya mwezi wa Nisani katika kalenda yao, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1959. Asubuhi king'ora kinalia dakika mbili. Magari yanasimama katikati ya barabara, madereva wanashuka, watu wanasimama kimya. Fikirini watu wetu wa pikipiki wakizima mashine zote pamoja hapo kwenye barabara kuu, dakika mbili tu! Mimi naona ingekuwa ajabu kuliko mahubiri yangu mengi.

Lakini desturi yenyewe ni ya zamani kuliko Hitler. Mwaka 1096 askari wa vita vya msalaba, watu waliojiita Wakristo, walipita katika miji ya mto Rhine wakaua Wayahudi wengi. Waliobaki walianza kuandika majina ya waliouawa katika vitabu, na vitabu vile vikasomwa ndani ya sinagogi mwaka kwa mwaka. Hata leo, mara nne kwa mwaka, kuna maombi yanayoitwa Yizkori, maana yake "akumbuke". Anayeombwa kukumbuka ni Mungu mwenyewe.

Tena kuna Kadishi. Hapa nataka tusimame kidogo, maana nilipojifunza juu ya maombi haya katika shule ya Biblia sikuamini. Ni maombi ambayo mtoto anaomba kwa ajili ya mzazi aliyekufa, kila siku kwa miezi 11, na tena siku ya ukumbusho kila mwaka. Lakini ndani yake hakuna neno moja juu ya kifo. Hakuna kaburi, hakuna marehemu. Ni kulitukuza jina la Mungu tu na kuomba ufalme wake uje. Mfiwa aliye na uchungu mpaka kooni anasimama mbele ya watu anasema jina la Mungu litakaswe. Na haruhusiwi kulisema akiwa peke yake. Lazima wawepo watu kumi, wanaume kumi kwa desturi ya zamani, ijapokuwa leo makutaniko mengi yanahesabu hata wanawake. Kama ni tisa, wanatafuta wa kumi barabarani. Sisi tunajua maana yake, maana hata hapa kilio cha mtu mmoja si kilio. Majirani wasipokuja kulala nje ya nyumba yako na kukusaidia kuteka maji, unajua umetupwa.

Mama mmoja wa kanisa aliniambia, na wako wengi sawa yeye: "Pasta, mutoto yangu sikumuzika. Alikimbilia pori 1996, hakurudi. Nitafunga kilio namna gani?" Wayahudi walikutana na shida hiyohiyo kwa mamia ya maelfu, kwa sababu hakuna aliyejua siku ambayo ndugu zao waliuawa. Marabi wakuu wa Israeli wakachukua siku moja ya mfungo wa zamani, tarehe 10 ya mwezi wa Teveti, siku ya kukumbuka mfalme wa Babeli alipouzunguka Yerusalemu, wakasema: asiye na tarehe aseme Kadishi siku hii. Hawakumwambia mama asubiri mwili. Walimpa siku.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu, hayakufika Kongo. Yalifika, na yalifika kwenye nchi ya machimbo. Wayahudi wa Katanga, wengi wao walitoka kisiwa kimoja kinachoitwa Rhodes, katika bahari ya Ugiriki. Walikuja kufanya biashara Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na miji mingine ya shaba. Walikuwa na maduka, walinunua samaki wa ziwa Mweru. Baba ya Moïse Katumbi, ambaye wapenda mpira wote wanamjua, alikuwa Myahudi wa Rhodes. Sinagogi ya Lubumbashi ilijengwa kuelekea mwaka 1930, na mwaka 1937 alifika rabi Moïse Levy, naye mtu wa kisiwa hicho, akawatumikia miaka mingi sana.

Sasa, mwezi wa Julai 1944, Wajerumani walikusanya karibu Wayahudi wote waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wazee na watoto wachanga. Waliwapakia katika mashua mpaka Ugiriki bara, halafu katika gari la moshi mpaka Auschwitz, wakafika mwezi wa Agosti. Waliorudi walikuwa karibu 150 tu. Kwa hiyo kulikuwa na mwenye duka pale Élisabethville aliyekuwa akipima kitambaa kwa wateja wake, na mama yake, dada zake na mtaa wote aliozaliwa ulikuwa umekwisha. Wengine waliopona walikuja Kongo kwa ndugu zao. Kadishi imesemwa katika nchi yetu, karibu na machimbo, kwa watu waliouawa mbali. Baba zetu waliofanya kazi katika maduka yale, ni wangapi walijua?

Turudi barabarani kwetu. Mwaka 1994, tangu Aprili mpaka Julai, katika siku karibu 100, Watutsi wa Rwanda waliuawa kwa mamia ya maelfu, pamoja na Wahutu waliokataa kuua. Hiyo ni jenosidi. Mahakama ya Arusha ilikwisha kuliamua, na Mkristo asiseme kwamba ni porojo. Maiti zilitupwa katika mto Nyabarongo, zikaenda na Akagera mpaka ziwa Victoria. Wavuvi wa Uganda walizitoa majini na kuzizika kule Kasensero, Lambu na Ggolo, bila kujua jina hata moja. Wayahudi wana neno kwa kazi ya kumzika mtu usiyemjua: ni wema wa kweli, kwa sababu maiti haiwezi kukulipa.

Halafu katikati ya Julai wakimbizi zaidi ya 800,000 waliingia Goma kwa siku chache. Kati yao walikuwamo wauaji, na walikuwamo mama na watoto ambao hawakumgusa mtu. Kipindupindu kiliingia. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, Kibumba, Katale, Mugunga na kandokando ya barabara hii. Mawe ya volkano hayachimbiki, mnayajua wenyewe, basi askari Wafaransa walichimba kwa mashine kubwa na maiti zikaingizwa pamoja. Hakuna aliyeandika majina. Mwaka 1996 na 1997 wengine wa wakimbizi wale waliwindwa na kuuawa mpaka ndani ya misitu ya Walikale na mbele zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010 ilieleza matukio 617 ya tangu 1993 mpaka 2003 katika Kongo, ikasema kwamba baadhi ya mashambulizi yale, kama yangethibitishwa mbele ya mahakama, yangeweza kuitwa jenosidi. Mpaka leo mahakama hiyo haijaonekana.

Watutsi wa Masisi waliokimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa mwezi wa Mei 1996. Watu wa Kiwanja, wasiopungua 150, waliuawa Novemba 2008. Watu wa Kishishe na Bambo waliuawa mwishoni mwa Novemba 2022. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwanza 131. Wa Beni wanauawa kwa mapanga tangu 2014. Hapa sitaandika nani aliua wapi. Gazeti hili linapita vizuizi vingi kabla ya kufika kwenu, na tena kazi hiyo iko na watu wake.

Tarehe 2 Agosti ilitoka wapi? Ni siku ambayo vita ya pili ya Kongo ilianza mwaka 1998. Vijana Wakongo walioko London ndio walioanza kuikumbuka mwaka 2013, wakatunga neno "Genocost", wakitaka kusema kwamba watu wetu wanauawa kwa ajili ya faida, ya koltani, kasiterite na dhahabu. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliifanya siku ya taifa. Ninyi mnaochimba hamhitaji kufundishwa na mimi juu ya jambo hilo.

Basi tulie nani? Naomba msome 2 Samweli 21, polepole, usiku mmoja mkiwa nyumbani. Ni sura ngumu na wachungaji wengi tunairuka. Inaanza na njaa ya miaka mitatu. Daudi anauliza sababu, Mungu anajibu: ni juu ya Sauli, aliyewaua Wagibeoni. Wagibeoni walikuwa kabila lingine, walioapiwa amani tangu siku za Yoshua. Sauli alitaka kuwamaliza, na Biblia inataja sababu yake waziwazi: bidii aliyokuwa nayo kwa ajili ya watu wake. Aliwapenda watu wake! Sauli amekufa, watu wamesahau, Mungu hakusahau. Na Wagibeoni waliouawa, Biblia haitupi jina hata la mmoja.

Ndipo kinakuja kisasi. Wanatolewa wana saba wa nyumba ya Sauli, wanatundikwa mlimani. Wawili walikuwa wana wa Rispa. Mama huyu anachukua nguo ya gunia, anaitandika juu ya mwamba, anakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Alilinda wanawe, na wale watano wa mama mwingine pia. Daudi alisikia habari hiyo. Alikusanya mifupa ya wale saba, na ya Sauli na Yonathani, ikazikwa kwa heshima. Baada ya hapo ndipo Mungu alikubali maombi kwa ajili ya nchi.

Sasa yuko mtu ambaye atasoma habari ya Rispa tu, na kulia kwa ajili ya wana wake. Na yuko atakayesoma habari ya Wagibeoni tu, aseme wale saba walistahili. Sura ni moja. Mama wa Kivu ambaye mtoto wake alikwenda na wauaji ana haki ya kumfukuzia ndege. Hana haki ya kusema kwamba Wagibeoni hawakuuawa. Na kanisa halitamwita mtoto huyo shujaa, hapana.

Sisi Waprotestanti tusiende kwa Wayahudi tukiwa na mikono safi. Martin Luther, baba wa kanisa letu, aliandika mwaka 1543 kitabu cha kuwatukana Wayahudi na kushauri sinagogi zao zichomwe. Watu wa Hitler walikisoma kwa furaha. Rwanda watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, na mchungaji mmoja wa Mugonero alihukumiwa Arusha mwaka 2003. Kwa hiyo tusiichukue Kadishi tukaifanya wimbo wa kwaya. Ni yao. Tujifunze adabu yake tu. Wako Wakristo walioonyesha njia hii. Ndugu wawili Waingereza, Stephen na James Smith, wana wa mchungaji Mmethodisti, walitembelea Yad Vashem, wakarudi kwao kufungua nyumba ya ukumbusho katika shamba la jamaa yao mwaka 1995. Baadaye, kwa shirika lao la Aegis Trust, walisaidia kujenga ukumbusho wa Gisozi, Kigali, uliofunguliwa 2004, ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Hapa kwetu hatuna franka za nyumba ya mawe. Daftari tunalo. Wazee wamekubali kwamba kila jamaa inaweza kuleta majina yake siku ya Jumapili baada ya ibada: jina la mtu, jina walilomwita nyumbani, baba na mama, kijiji, mwaka kama unajulikana, au majira ("wakati wa kuvuna maharagwe"), na neno moja la kumtambua, kwamba alikuwa fundi baiskeli, kwamba alipenda kuimba. Hata aliyebaki ndani ya shimo la machimbo bila kuzikwa, wakati wenye silaha walipomlazimisha kushuka, aletwe.

Kabila haliandikwi. Jina la anayedhaniwa kuua haliandikwi. Wengine wamenikasirikia juu ya hili, lakini nitashikilia. Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho vya Rwanda tangu miaka ya 1930, na mwaka 1994 karatasi ile ndiyo iliyotazamwa kwenye vizuizi. Orodha zimeua watu katika nchi hizi. Mwenye ushuhuda wa mahakama aupeleke kwa watu wa sheria anaowaamini, asiuache katika sanduku la kanisa. Daftari litashikwa na watu wawili, mama mmoja na mzee mmoja, wasio wa jamaa moja, na nakala itakaa mbali na Kalengera.

Juu ya siku: tarehe 7 Aprili na tarehe 2 Agosti zote mbili tutaomba. Anayelia Aprili aje Agosti, na wa Agosti aje Aprili, hata kama ni kukaa kimya tu kwenye benchi la nyuma. Majina yatasomwa bila mpango wa nyumba kwa nyumba, yatachanganywa. Wasomaji watakuwa kumi, nao watachaguliwa kutoka pande zote za kijiji. Wakipatikana tisa tutangoja. Kwa wale wasio na tarehe, kama mama yule, tumepanga Jumamosi ya kwanza ya Novemba, wakati mvua imekwisha shika.

Vijana waliuliza pia kama lazima kununua mshumaa. Wayahudi huwasha mmoja unaodumu saa 24. Kwetu si rahisi kuupata, na si lazima. Taa ya petroli inatosha, hata tochi ya machimboni. Ila msiache taa ikiwaka usiku ndani ya nyumba ya mbao wakati watoto wamelala.

Barua zenu juu ya mahari tumezipata. Tutazijibu mwezi ujao.